Muulize Bibi: Frances Marion na picha zisizosema

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza ni mwanamke gani wa kwanza kupata Oscar ya uandishi. Nilimjibu kwa nusu mstari: Frances Marion, Mmarekani, kwa picha ya The Big House ya mwaka 1930. Mhariri akanikatia hapohapo, nafasi imekwisha. Barua zilizofuata zimemfanya mhariri huyohuyo aniachie kurasa hizi, basi leo ni Frances tu. Mlioniuliza mambo ya taa na kamera, kaeni kwenye foleni.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 22, naandika skripti lakini sijasomea popote. Huyu mama alisomea wapi kuandika, na aliingiaje Hollywood? – Mwandishi Mchanga, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kuandika hakusomea. Alisomea kuchora, na hata huko mambo yalikatikia njiani.

Alizaliwa San Francisco tarehe 18 Novemba 1888, na jina walilompa wazazi wake ni Marion Benson Owens. Nyumba ilikuwa na uwezo, ila baba na mama waliachana angali mdogo. Akiwa na miaka 12 alifukuzwa shule kwa kumchora mwalimu wake kikatuni. Baadaye akaingia chuo cha sanaa cha Mark Hopkins, hapohapo mjini, mpaka Aprili 1906, tetemeko la ardhi na moto uliofuata vilipoteketeza chuo pamoja na sehemu kubwa ya San Francisco. Mwaka huohuo akaolewa, ndoa ya kwanza kati ya nne. Hizo nitazifikia, maana kuna mwenzako ameniuliza.

Baada ya hapo alifanya kila kilichopatikana. Alimsaidia mpiga picha, aliandikia gazeti, alichora matangazo. Akahamia Los Angeles kuchora mabango ya jumba la tamthilia la Oliver Morosco. Los Angeles ya wakati ule bado ina mashamba ya michungwa, na watu wa sinema wanatazamwa kama watu wa sarakasi: hupangishwi chumba ukijulikana ni mmoja wao.

Mwaka 1914 akakutana na Lois Weber, mwongozaji mwanamke ambaye jina lake wakati huo lilikuwa juu kuliko la wanaume wengi wa kazi hiyo. Weber akamchukua ajifunze kazi akiwa ndani: aigize kidogo, ashone, achore mandhari, awaandikie wenye magazeti habari za studio. Jina la Frances Marion lilianzia kwa Weber. Na maneno ya kwanza aliyowaandikia waigizaji yalikuwa ya ajabu. Picha hazikuwa na sauti, lakini viziwi wanaosoma midomo walikuwa wakilalamika kwamba wale wapita njia nyuma ya stelingi wanasema mambo yasiyohusiana kabisa na hadithi. Frances akapewa kazi ya kuwaandikia wapita njia. Alianza uandishi kwa maneno ambayo hakuna atakayeyasikia!

Wakati huo alikuwa na miaka 25, kwa hiyo hujachelewa. Ila angalia: hakuingia kwa mlango wa uandishi. Aliingia kwa mlango uliokuwa wazi, na alipokuwa ndani akajifunza kila chumba.

SWALI: Bibi, mimi sielewi. Kama picha ni bubu, mwandishi aliandika nini? Si kazi ya mwongozaji na kamera yake? – Fundi Redio, Tanga

JIBU: Fundi, swali lako ndilo zuri kuliko yote niliyopokea.

Aliandika kila kitu kinachotendeka. Onyesho baada ya onyesho: nani anaingia, ameshika nini, anamwona nani kwanza, anaficha nini, kamera iko karibu au mbali. Halafu aliandika zile kadi za maandishi zinazokatiza picha. Kadi zilitakiwa ziwe chache na fupi, kwa sababu wengi waliojaa kumbi za New York au Chicago walikuwa wahamiaji ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Hadithi ikitegemea kadi, ukumbi unaanza kukohoa.

Chukua Stella Dallas, aliyoiandika mwaka 1925 kutoka katika riwaya. Stella ni mama asiye na adabu za kitajiri, amejitenga na binti yake kwa makusudi ili binti apate kuolewa kwenye nyumba ya heshima. Siku ya harusi mama yuko nje, barabarani, mvua inamnyeshea, anachungulia dirishani. Askari anamwambia asogee. Anaomba kidogo tu, aone. Hakuna hotuba. Ukiwapa waandishi wengi wa leo onyesho hilo, watamtia Stella mdomoni kurasa mbili za maelezo ya uchungu wa mama.

Au chukua The Poor Little Rich Girl ya mwaka 1917. Mary Pickford, mwanamke wa miaka 24, anaigiza mtoto wa miaka 11, binti wa matajiri ambaye wazazi hawana nafasi naye. Mwongozaji Maurice Tourneur alitengenezewa samani na milango mikubwa kuliko kawaida ili Mary aonekane mdogo. Lakini samani hazimfanyi mtu kuwa mtoto. Frances na Mary waliongeza vituko ambavyo havikuwamo katika tamthilia ya awali, likiwamo pambano la kurushiana matope. Tourneur, Mfaransa mwenye kupenda uzuri wa picha, alipinga: haya matope yako ukurasa gani? Hayakuwa ukurasa wowote. Yalikuwa ndani ya Mary, ambaye alianza kazi jukwaani akiwa mtoto na utoto wenyewe hakuuona. Frances aliliona hilo akalitumia.

Wakubwa wa studio walipoitazama picha hawakucheka hata kidogo. Mary na Frances wakaamini wameharibu. Mary akapelekwa chini ya mwongozaji Cecil B. DeMille, mtu wa amri, akanyooshwe. Halafu picha ikaonyeshwa kwa watu wenye kulipa viingilio, na watu wakaipenda mno.

Hapa ndipo penye siri yake, ukiniuliza mimi. Frances hakuandika mhusika halafu akatafuta wa kumwigiza. Alimwangalia mtu aliye hai, sura yake, mikono yake, anavyokaa anapochoka, kisha akamshonea hadithi kwa kipimo chake. Nilipokuwa naandika michezo ya redio nilikuwa na mzee mmoja mwenye pumu. Hawezi kusema sentensi ndefu bila kukohoa. Nikawa namwandikia maneno matatu, manne, basi. Wasikilizaji wakamwogopa kama simba. Wakiniandikia wanasema yule mzee mkali kweli, hasemi sana. Mpaka leo sijafundishwa somo la uandishi linaloshinda hilo, na nilipokuja kusoma habari za Frances nilimtambua mara moja.

SWALI: Salaam aleikum Bi Mkubwa. Nimesoma kwamba huyo Mary Pickford, nyota kuliko wote, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Sasa si alibebwa tu? – Baba wa Mabinti, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, baba. Alibebwa, ndiyo. Na abebwaye hujikaza.

Picha ya kwanza aliyomwandikia Mary, The Foundling, haikumpa hata sifa ya kujivunia. Mwaka 1915, kabla haijatoka, moto uliichoma studio ya New York na mkanda ukaungua nao. Ikabidi ipigwe upya baadaye. Urafiki haukumlipia kodi ya nyumba wakati huo. Ilibidi akatafute kazi kwingine, nitaeleza chini kidogo. Aliporudi kwa Mary mwaka 1917 alirudi akiwa mtu mwenye kazi anazoweza kuzionyesha. Wakatoa mfululizo: Rebecca of Sunnybrook Farm, A Little Princess, na Stella Maris, ambamo Mary anaigiza watu wawili, binti tajiri mgonjwa na yatima asiyependeza anayeitwa Unity Blake. Mary akakubali kuonekana mbaya, nywele zimepakwa mafuta, bega limeinama. Nyota gani anakubali hivyo kwa mwandishi asiyemwamini?

Lakini ngoja nikupe upande wa pili wa kubebana huko, ambao wengi hawautaji. Frances akiwa mwandishi chipukizi wa gazeti San Francisco, karibu mwaka 1911, alitumwa kumhoji Marie Dressler, mwigizaji wa jukwaani, mama mnene mwenye sauti nzito na vichekesho. Marie hakuwa na hamu ya kuzungumza na gazeti lile, lakini alimhurumia binti akampa mahojiano. Ikapita miaka zaidi ya 15. Frances sasa yuko MGM, studio kubwa ya Hollywood, mwandishi mwenye sauti, na Marie kazi zimemkimbia, amekaribia miaka 60, umri ambao Hollywood inakuzika ukiwa hai.

Frances akamwandikia The Callahans and the Murphys, mwaka 1927. Wamarekani wenye asili ya Ireland wakaona wamedhihakiwa, wakafanya fujo, studio ikaiondoa picha kumbini. Mtu mwingine angesema nimejaribu, yamenishinda. Yeye akaendelea. Alipopewa kuandika Anna Christie ya mwaka 1930, picha ya kwanza ya sauti ya nyota Greta Garbo, ile iliyotangazwa kila mahali kwamba sasa Garbo anasema, alihakikisha Marie anapata nafasi ya bibi mlevi wa bandarini. Watu walikwenda kumsikia Greta Garbo, wakatoka wanamzungumzia Marie. Mwaka huohuo ikatoka Min and Bill, nyingine ya kalamu ya Frances, safari hii Marie akiwa ndiye stelingi: mwenye nyumba ya wageni gatini anayemlea binti asiye wake. Tarehe 10 Novemba 1931 Marie akapokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike, siku moja baada ya kutimiza miaka 63. Mwaka 1932 na 1933 wenye kumbi za sinema Marekani walimtaja yeye kuwa ndiye anayewaingizia fedha kuliko nyota yeyote, vijana na warembo wote wakiwa nyuma yake.

Na Lois Weber, yule aliyemfungulia mlango? Alikufa mwaka 1939, amesahauliwa na mfuko mtupu. Gharama za mazishi alilipa Frances.

Kwa hiyo, baba, waambie mabinti: kubebwa si aibu.

SWALI: Bibi shikamoo. Nina skripti tano kabatini. Maprodyuza wanazisoma, wanasema nzuri, kisha naiona hadithi yangu kwenye picha ya mtu. Huyo mama alilipwaje? – Kabati Limejaa, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Pole, mwanangu. Nakujibu la kwake kwanza, lako baadaye.

Baada ya ule moto wa 1915 alikuwa New York bila kazi. Alimwendea William Brady, mkuu wa kampuni ya World Film iliyokuwa na studio Fort Lee, New Jersey, ng'ambo ya mto. Akampa sharti: nitakufanyia kazi wiki mbili bure, ukiipenda, utanilipa dola 200 kwa wiki. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kumfanya Brady acheke. Frances hakuanza kuandika picha mpya. Aliomba aonyeshwe picha zilizokataliwa, zilizokaa rafuni. Akaikuta moja aliyoigiza Alice Brady, binti wa mkubwa mwenyewe, tamthilia ya machozi iliyokuwa mbaya hata baba mtu hakuthubutu kuiuza. Frances akaiandikia mwanzo mpya na mwisho mpya, sehemu hizo tu zikapigwa, na kilio kikageuka kichekesho. Gharama kidogo, picha ikauzika. Akapewa dola zake 200.

Sifa yake hapo siyo kwamba alifanya bure. Bure yenyewe ilikuwa na mwisho, na bei ilikuwa imetajwa kabla hajashika kalamu. Ninyi mnafanya bure kwanza, bei mnaitaja mkishaibiwa.

Mwaka 1917 mkataba wake wa kumwandikia Mary ulikuwa dola 50,000 kwa mwaka. Miaka ya MGM alifika dola 3,000 kwa wiki, na katika miaka hiyo hakukuwa na mwandishi wa sinema, wa kike wala wa kiume, aliyelipwa vizuri kumzidi. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kimya. Lakini Machi 1933, mdororo wa uchumi umekaza na Rais Roosevelt amefunga mabenki kwa muda, wenye studio walitangaza kukata mishahara kwa nusu. Waandishi wakaunda chama chao mwezi uliofuata, rais akiwa John Howard Lawson na makamu wake Frances Marion. Wenye studio walikichukia chama kile kupita kiasi. Yeye alikuwa na cha kupoteza kuliko karibu kila mwanachama, na jina lake liliwekwa juu kabisa kusudi wanyonge wasiogope.

Lako sasa. Usimpe mtu skripti nzima kabla ya karatasi yenye sahihi. Mpe kurasa mbili za muhtasari, weka tarehe, jitumie nakala kwa barua pepe, na kaisajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki. Na tafuteni umoja wenu, ninyi waandishi. Mmoja mmoja mtaliwa tu.

SWALI: Bibi, tunaomba habari za hizo Oscar. Mwalimu wetu anasema The Big House ni picha ya wanaume watupu. Mwanamke aliandikaje gereza? – Wanafunzi wa Sanaa, Dodoma

JIBU: Alikwenda. Alifika gereza la San Quentin, California, akatembezwa, akatazama wafungwa wanavyokula na wanavyotembea, akasikiliza wanavyosema. Hakuandika gereza la kufikiria.

Hadithi ni ya kijana wa familia njema, aliyeua mtu kwa kuendesha gari amelewa, anayeingizwa chumba kimoja na majambazi wawili wazoefu. Wanaume wale waliokomaa kwa uhalifu ndio wanatokea kuwa na heshima yao. Kijana mzuri ndiye anayeoza. Gereza limejaa kupita uwezo, kazi hakuna, na mtu akikaa bila kazi katikati ya watu wengi kitu kinapasuka. Sauti ilikuwa bado ngeni kwenye sinema, na wenzake wengi walikuwa wameishika kama mtoto mwenye filimbi mpya, maneno yasiyokwisha. Katika The Big House kinachosikika kwanza ni miguu: wafungwa mamia wakiandamana kwenye sakafu ya mawe. Kisha bati za chakula. Aliyeandika picha bubu miaka 15 alijua lini watu wanyamaze. Picha ilipata Oscar mbili mwezi Novemba 1930, ya uandishi na ya kunasa sauti.

Kuna jambo la kuwafaa ninyi wanafunzi. Katika toleo la kwanza yule jambazi mwenye utu anampenda mke wa kijana. Walipoijaribisha kwa watazamaji, watazamaji walikunja uso: mwenzio yuko gerezani, wewe unamchukua mke? Studio ikapiga upya maonyesho hayo, mke akageuzwa dada. Hadithi ikapona bila kugusa sehemu nyingine. Skripti ikikwama, mara nyingi si muundo wote ulioharibika, ni uhusiano mmoja tu.

Oscar ya pili alipata kwa hadithi ya The Champ, ya bondia mlevi na mwanawe mdogo anayemwabudu. Sherehe ilifanyika tarehe 18 Novemba 1932, siku anatimiza miaka 44, na hakuna mwandishi aliyekuwa amepata mbili kabla yake. Kuhusu sanamu lenyewe aliandika baadaye kwamba linaifaa kazi ya sinema barabara: mwili wa mwanamichezo mwenye nguvu, upanga mkononi, na kichwa kimekatwa ile sehemu ya ubongo. Kaliangalieni vizuri.

SWALI: Bibi mpendwa, na nyumbani je? Wanawake wenye kazi kubwa tunaambiwa hawawezi ndoa. – Mjane, Kisumu

JIBU: Mwanangu, pole kwa yaliyokufika.

Ndoa mbili za ujanani zilivunjika. Mwanaume aliyempenda kweli ni Fred Thomson, mchungaji wa jeshi na bingwa wa riadha, aliyemkuta amelazwa na mguu uliovunjika kwenye mpira. Vita ikawatenganisha, Frances mwenyewe alikwenda Ulaya mwaka 1918 kuandika na kupiga picha kazi za wanawake vitani. Walioana Novemba 1919. Fred akaja kuwa stelingi wa picha za wapanda farasi, na farasi wake Silver King akapendwa na watoto Marekani nzima. Baadhi ya picha hizo aliziandika Frances kwa jina la Frank M. Clifton, Clifton likiwa jina la kati la mumewe. Mke tajiri, maarufu, anajificha kwenye jina la kiume ili mume ang'ae. Mimi nimeliwaza hilo sana na bado sijui kama linanifurahisha.

Fred alikanyaga msumari. Pepopunda ikamwua siku ya Krismasi mwaka 1928, Frances akiwa na miaka 40 na watoto wawili wa kiume wadogo, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumlea. Zile kazi nilizozitaja za 1930, gereza, Garbo, Marie gatini, zote zilitoka baada ya msiba huo. Aliolewa tena, na mwongozaji wa The Big House, George Hill. Pombe ikaivunja ndoa mapema. Baada ya hapo akaishi na wanawe na kazi. Alikuwa akisema kwamba maisha yake yote ametafuta mwanaume wa kumtazama kwa kuinua uso bila kulazimika kulala chali. Mhariri alitaka kuliondoa hilo. Nimekataa.

SWALI: Kama wanawake waliandika picha nyingi hivyo, walikwenda wapi? – Msomaji wa Siku Nyingi, Arusha

JIBU: Hawakuwa Frances peke yake. June Mathis ndiye aliyeng'ang'ania Rudolph Valentino apewe The Four Horsemen of the Apocalypse mwaka 1921, akamfanya nyota. Anita Loos alizifanya kadi za maandishi zichekeshe. Jeanie MacPherson alimwandikia DeMille miaka na miaka. Sinema ilipokuwa biashara changa isiyo na heshima, hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza wewe ni nani. Ulihitajika mtu awezaye kutoa hadithi kila wiki. Sauti ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920, mitambo ikawa ghali, mabenki yakaingia na madaftari yao, watunzi wa tamthilia waliletwa kwa treni kutoka New York, na maprodyuza wakawa juu ya kila mtu. Kazi ikishakuwa na fedha na heshima, wanaume huikumbuka. Hata huku kwetu nimeliona hilo.

Frances mwenyewe hakufukuzwa. Alichoka. Irving Thalberg, mmoja wa wakubwa wa MGM aliyekuwa akielewana naye, alifariki mwaka 1936, na mtindo wa kumpokonya mwandishi kurasa zake na kuwapa wengine watano ukamkera. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha kufundisha kuandika hadithi za sinema na kuziuza. Angalia alivyoliweka neno kuuza. Mwaka 1946 akaiacha Hollywood, akaandika riwaya, akachonga sanamu. Kumbukumbu zake zilitoka 1972. Alifariki Los Angeles tarehe 12 Mei 1973.

SWALI: Nianze na picha ipi, Bibi? Bando langu dogo. – Binti wa Bando, Mwanza

JIBU: Anza na Stella Maris. Ni fupi, ulinzi wa hakimiliki umeshakwisha Marekani, inapatikana mtandaoni bila kulipa. Muziki uliobandikwa juu yake mara nyingi si wa awali. Ukikuudhi, zima sauti kabisa, hukosi kitu. Mwangalie Unity Blake, usimwangalie yule binti mrembo.

Ukipata bando la pili tafuta The Wind ya mwaka 1928, Lillian Gish peke yake na upepo wa jangwani. Walipiga katika jangwa la Mojave, joto la kuunguza, injini za ndege zikimrushia mchanga usoni. Lillian alisimulia miaka mingi baadaye kwamba hadithi ilikuwa imalizike kwa yule mwanamke kupotelea katika dhoruba, na wenye kumbi za sinema ndio waliotaka mwisho wa furaha. Uitazame, kisha uniandikie wewe ungeimalizaje. Kurasa mbili tu, na usisahau kuweka tarehe.